Mashirika ya ndege ya bei nafuu yatuwekee umeme kwenye viti, au kila abiria aje amejichajia?

KitiChaDirishani (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Hili jambo nimelibeba moyoni wiki mbili sasa, naomba tulijadili kwa utulivu.

Nilisafiri safari ya saa nne na nusu na shirika moja la bei nafuu ambalo sitalitaja. Kabla ya kupanda tulicheleweshwa saa tatu, na muda wote huo taarifa zilikuja kwenye simu tu: lango limebadilika, muda umesogea, lango limebadilika tena. Nikawa naifungua programu yao kila baada ya dakika kumi. Soketi za ukumbini zilikuwa chache na zote zimezingirwa na watu waliokaa sakafuni. Napanda ndege, simu ina asilimia 19. Kwenye kiti hakuna hata tundu moja la USB. Nikaizima njia nzima ili niibane.

Tumetua saa saba usiku. Naiwasha nisome anwani ya mahali pa kulala na namba ya mtu wa kunipokea, ikaonyesha nembo yake, ikazima. Nilisimama nje ya uwanja dakika arobaini na begi langu, namba ya mwenyeji wangu siijui kwa kichwa hata tarakimu tatu za mwanzo. Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyekuwa anafanya usafi pale, akaniazima chaja yake na akasimama nami mpaka simu ikawaka. Mungu ambariki popote alipo.

Hoja yangu ni hii. Zamani simu ndani ya ndege ilikuwa starehe. Ikifa, unalala. Leo mashirika yenyewe yameihamishia simu kazi zao. Ryanair, tangu tarehe 12 Novemba 2025, imeachana na pasi za kupandia za karatasi ambazo abiria walikuwa wakijichapishia. Sasa unaonyesha ya kwenye simu. Filamu, kama zipo, unaangalia kwenye kifaa chako. Mabadiliko ya ratiba yanakuja kwenye simu. Na tangu mwaka 2025 mashirika mengi yanakukataza kutumia pawabenki ukiwa angani.

Sasa mtu ameniambia nije na simu, ameniambia nisitumie pawabenki, na soketi hajaniwekea. Nifanyeje?

Mimi nasema kila kiti kwenye safari inayozidi saa tatu kiwe na USB moja. Siombi chakula wala blanketi. Nawasilisha.

---

BegiMojaTu

Mkuu, pole sana kwa yaliyokukuta, na huyo mama kweli ni mtu. Lakini hoja yako naipinga.

Tiketi ya bei nafuu ni nafuu kwa sababu kuna watu waliokaa wakahesabu kila kitu wakakitoa. Viti vya Ryanair havilali nyuma, na mfuko wa mbele ya kiti haupo. Mfuko ukiwepo, abiria wanaacha takataka ndani, mtu wa usafi anachelewa, ndege inachelewa kuondoka. Wao wanataka ndege itue, ishushe, ipakie, iondoke ndani ya dakika 25. Ukianza kurudisha kimoja kimoja, mara soketi, mara mfuko, mara kiti cha kulala, utajikuta umerudi kwenye tiketi ambayo mtu kama mimi hawezi kuilipa.

Mimi nimeanza kupanda ndege kwa sababu ya mashirika haya. Kabla ya hapo nilikuwa wa mabasi ya siku mbili. Siko tayari hata punje ya nauli iongezeke kwa ajili ya kitu ambacho unaweza kukifanya kwenu kabla hujatoka. Chaji simu, zima intaneti, weka modi ya ndege. Betri ya simu ya leo inakufikisha.

---

Zawadi_wa_Anga

@BegiMojaTu amechelewa saa tatu ukumbini kaka, hilo umeliruka. Hakutoka kwake na asilimia 19.

---

FundiMabawa

Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi wa ndege, upande wa umeme, miaka kumi na moja. Nimeona watu wengi wanadhani tatizo ni umeme hautoshi. Naomba niweke sawa, halafu mtaendelea.

Umeme upo. Boeing 737-800 au Airbus A320 ina jenereta mbili zinazozungushwa na injini, kila moja kVA 90, yaani kama kilowati 90. Sasa piga hesabu: viti 180, kila kimoja USB ya zamani (aina ya A) ya wati 10, jumla ni wati 1,800. Kwa ndege hiyo ni kidogo sana, jiko la nyuma peke yake linapopasha chakula linakula zaidi ya hapo. Hata ukiweka USB-C za wati 60 kwa viti vyote na watu wote wakachomeka kwa pamoja, ni kama kilowati 10.8, na mifumo hii ina kisanduku kikuu kinachogawa mzigo na kupunguza pale unapozidi. Rubani hakosi umeme kwa sababu wewe unachaji simu. Kikitokea chochote kwenye jenereta, umeme wa viti na wa jiko ndio wa kwanza kukatwa.

Shida iko kwenye kuufikisha kitini. Umeme wa ndege ni volti 115 kwa hezi 400, sio huu wa ukutani. Kwa hiyo unahitaji visanduku vya kuubadilisha, vinafungwa chini ya viti. Unahitaji nyaya zipite sakafuni na kupanda kwenye miguu ya viti. Na kiti cha ndege sio kiti cha ofisini. Kimepimwa kuhimili mshtuko wa mara 16 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Ukikifungia kisanduku kipya, umekibadilisha, na mabadiliko hayo lazima yathibitishwe upya na mamlaka ya usafiri wa anga kabla ndege haijabeba mtu. Huendi dukani ukanunua soketi ukachimba tundu.

Halafu uzito. Kanuni ya kukadiria tunayotumia ni kwamba kila kilo unayobeba inakula mafuta kama asilimia 3 ya uzito wake kwa kila saa angani. Tuchukulie kwa mfano mfumo mzima una kilo 100. Hizo ni kilo 3 za mafuta kwa saa. Ndege ya bei nafuu inaruka kama saa kumi kwa siku, kwa hiyo kilo 30 kwa siku, zaidi ya tani 10 kwa mwaka. Mwenye ndege 100 ni tani elfu moja na ushee, kila mwaka, kwa kubeba visanduku na nyaya. Hapo mhasibu anakunja uso.

---

Zawadi_wa_Anga

Fundi nimekuelewa, ila tugawanye hiyo hesabu kwa watu. Safari ya saa mbili ni kilo 6 za mafuta kwa abiria 180. Ni kama gramu 33 kila mtu. Soda ya kopo ambayo wahudumu wanapita kutuuzia ina uzito mara kumi ya hapo.

---

FundiMabawa

Dada hesabu yako ni sahihi kabisa, na ndiyo maana sijasema haiwezekani. Mafuta peke yake yasingezuia. Kinachozuia ni ndege kulala karakana siku kadhaa ikifungwa mfumo wakati ingekuwa inaruka safari nne au sita kwa siku. Halafu matengenezo. Soketi za ndani ya ndege zinateswa. Watu wanamwagia juisi, watoto wanasokomeza vitu, waya unavutwa mtu anapopita kwenda chooni. Kila soketi iliyokufa ni malalamiko, na ukiwa na ndege mia zenye viti 180 ni soketi elfu kumi na nane za kuangalia.

Sheria inaruhusu ndege kuruka na soketi mbovu, sio kitu cha usalama. Kwa hiyo zitakaa mbovu. Nimeshaona ndege ambayo safu sita mfululizo hazina umeme na haikuwa dharura ya mtu yeyote.

---

BegiMojaTu

Hapo sasa. Nilipe kwa soketi, halafu safu yangu iwe miongoni mwa hizo sita.

---

MwambaoWaNyuma

Naomba nisikike kidogo, mimi nimekuwa mhudumu wa ndani ya ndege miaka tisa, na kwa miaka miwili hii kitu kinachonitia hofu kuliko vyote ni pawabenki. Kwenye mjadala huu mnaizungumzia kama suala la bei. Kwangu ni suala la moto.

Tarehe 28 Januari 2025, kwenye uwanja wa Gimhae, Busan, ndege ya Airbus A321 ya Air Busan iliwaka ikiwa bado haijaondoka. Air Busan ni shirika la bei nafuu. Moto ulionekana kwenye kabati la mizigo la juu, upande wa nyuma. Watu wote 176 walitoka hai, lakini sehemu kubwa ya paa la ndege iliungua. Mwezi Machi wachunguzi wa Korea Kusini wakasema inaelekea ulianzia kwenye pawabenki ambayo kinga ya ndani ya betri yake iliharibika. Sasa fikirini ingekuwa angani, juu ya bahari, na moto uko ndani ya kabati lililofungwa ambako hakuna anayeuona mpaka moshi utoke.

Kuanzia hapo sheria zilikuja kwa haraka. Korea Kusini, tangu tarehe 1 Machi 2025, haikuruhusu tena pawabenki kwenye makabati ya juu, unakaa nayo mwilini au mbele yako. Singapore Airlines na dada yake wa bei nafuu, Scoot, walikataza kuzitumia angani kuanzia tarehe 1 Aprili. Emirates tarehe 1 Oktoba: unabeba moja tu isiyozidi wati-saa 100 (kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi), na huitumii. Kiasi hicho cha wati-saa 100 ndicho kikomo cha kawaida duniani bila kuomba ruhusa, na pawabenki isiwekwe kamwe kwenye begi linaloingia chini.

Mimi naziunga mkono sheria hizo kwa mikono miwili. Betri ya lithiamu ikianza kupata joto yenyewe kwa yenyewe, seli moja ndani yake inaiwasha nyingine, haizimi kwa kufunikwa. Tumefundishwa kuzima miali kwanza, halafu kumwagia maji au kinywaji chochote kisicho na kilevi, mfululizo, kuipoza tu. Unamwaga na bado inafuka.

Lakini ukweli lazima niuseme wote. Emirates wanakataza na soketi wameziweka kwenye viti. Shirika la bei nafuu linakataza bila kuweka, na mimi ndiye ninayesimama mbele ya abiria kumwambia azime. Ninachokiona ni hiki: hazimi. Anaificha chini ya koti, au ndani ya begi dogo miguuni, waya umetokeza kidogo. Hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote, imefunikwa, inapata joto, haionekani. Ningekuwa na soketi ya kumwonyesha, mabishano yangekwisha pale pale.

---

KitiChaDirishani

Dada @MwambaoWaNyuma, umesema kitu ambacho mimi sikukiwaza kabisa. Nilikuja na hoja ya haki ya abiria, wewe umenionyesha ya usalama. Naomba nikuulize: je, kuchaji simu kwenye soketi ya kiti si hatari ile ile? Nayo ni betri ya lithiamu.

---

MwambaoWaNyuma

Ni betri ya jamii moja, ndiyo, na simu nazo zimewahi kupigwa marufuku. Samsung Galaxy Note 7, Oktoba 2016, Marekani iliikataza isipande ndege kabisa, hata ikiwa imezimwa. Tofauti ni kwamba simu unaishika mkononi, ukiona inachemka unajua. Na simu zinatoka kwa watengenezaji wachache wanaojulikana. Pawabenki kila mtu anatengeneza, nyingine zimeandikwa uwezo ambao hazina. China tangu tarehe 28 Juni 2025 hairuhusu kwenye safari za ndani pawabenki zisizo na alama ya 3C ya ubora, kwa sababu hiyo hiyo.

Na nikishika nafasi hii: simu yako ikidondoka katikati ya viti, USISOGEZE KITI. Usikilaze, usikiinue. Tuite. Kiti kinaweza kuibana simu na kuipasua betri, na hapo ndipo tunapata moto chini ya mtu aliyekaa. Tafadhali waambieni na wengine.

---

mlinzi_wa_lango

Nyongeza ndogo. Julai 2014 mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani, TSA, ilitangaza kwamba kwenye baadhi ya viwanja vyenye ndege za moja kwa moja kwenda huko, abiria anaweza kuambiwa awashe kifaa chake, na kisichowaka hakipandi ndege. Kwa hiyo simu iliyokufa imewahi kuwa sababu ya kuacha simu nyuma. Anayeunganisha ndege ya bei nafuu na ya masafa marefu aliweke hilo akilini.

---

Mnyonge_Msafiri

Naunga mkono mada. Tena tusisahau wagonjwa. Kuna watu wanapumua kwa mashine za oksijeni, wengine wanalala na mashine za kusukuma hewa. Hawa bila soketi wanafanyaje? Hii ingetosha kuyalazimisha mashirika kisheria.

---

BintiMzeeHaji

Kaka @Mnyonge_Msafiri, nakushukuru kwa kutukumbuka, lakini naomba hoja hiyo uiache. Baba yangu anatumia mashine ya oksijeni ya kubeba, nimesafiri naye mara nne, kwa hiyo nazungumza ninachokijua.

Shirika linaweza kukutaka uje na betri zinazotosha mara moja na nusu ya muda wa safari, yaani asilimia 150. Safari ya saa nne, betri za saa sita. Ni kwa sababu hawataki uhai wa mtu utegemee soketi ya kiti, na kwa maelezo ya fundi hapo juu kuhusu safu sita zilizokufa, wako sahihi. Soketi nyingine zinazimwa wakati wa kupaa na kutua. Nyingine zinajizima mzigo ukizidi. Kama baba angekuwa anaitegemea hiyo, mimi nisingepata usingizi wiki nzima kabla ya safari.

Mara ya kwanza nilijidanganya hivyo hivyo. Nikasoma kwamba ndege ina umeme kwenye viti, nikabeba betri mbili badala ya tatu. Soketi ya safu yetu ilikuwa haishiki, plagi inachomoka kila ukiiachia. Nilikaa saa mbili nzima nimeishikilia kwa kidole, namwangalia baba usoni. Hakuna aliyenikosea, kosa lilikuwa langu, na tulifika salama. Tangu siku hiyo nabeba betri za ziada na soketi siihesabu kabisa.

Kwa hiyo tuombe soketi kwa ajili ya simu, tuseme ni kwa ajili ya simu. Tusiwatangulize wagonjwa mbele kama ngao, kuna mtu atasoma hapa aamini, aje na betri pungufu.

---

Mnyonge_Msafiri

Nimekuelewa dada, na nakuomba radhi. Mzee apone.

---

KitiChaDirishani

@BintiMzeeHaji asante sana. Ujumbe wako ningependa ubandikwe juu kabisa ya uzi.

---

Tozo_Zimezidi

Mbona hamzungumzii njia ya katikati? Umeme uuzwe. Kama mnavyolipia begi, mnavyolipia kuchagua kiti. Scoot imewahi kuuza umeme wa kiti kama nyongeza kwenye Boeing 787 zake. Anayetaka alipe, asiyetaka asilipe, na @BegiMojaTu nauli yake haiguswi.

---

BegiMojaTu

Hilo naweza kulikubali. Ndio utaratibu tulioukubali tangu mwanzo: nauli tupu, kila kitu kingine ni hiari.

---

FundiMabawa

Linawezekana, ila tambueni kwamba uzito unabebwa na ndege nzima hata kama wamelipa watu kumi. Nyaya haziteremki kwa sababu wewe hukulipa. Na 787 ni ndege ya safari ndefu, mtu anakaa humo saa saba, nane, atalipa. Kwenye ndege ndogo ya saa moja na nusu nani atanunua chaji?

Napendelea zaidi safu chache za mbele ziwe nazo, ziuzwe kama viti vyenye nafasi kubwa ya miguu vinavyouzwa. Kazi ya kufunga inapungua, uzito unapungua.

---

Zawadi_wa_Anga

Mimi kulipia kunanikera kwa sababu moja tu. Kama shirika limenikataza pawabenki yangu niliyoinunua kwa hela yangu, halafu linaniuzia umeme, hapo limeniondolea mbadala ili ninunue chake. Sheria ya moto naikubali, dada mhudumu amenishawishi. Lakini sheria ya usalama isigeuzwe mlango wa mauzo. Southwest ya Marekani wamefanya kwa namna ninayoiona ya haki: tangu tarehe 28 Mei 2025 pawabenki unaruhusiwa kuitumia ikiwa inaonekana waziwazi, isiwe begini wala kabatini. Na tangu mwaka 2022 walitangaza kuweka USB za aina zote mbili, A na C, kwenye ndege zao mpya za 737 MAX.

---

Tozo_Zimezidi

Southwest sio bei nafuu ya leo, wale tiketi zao zimeshapanda.

---

Zawadi_wa_Anga

Ndio walioanzisha mtindo wenyewe, wanaruka tangu 1971, na mashirika mengi ya bei nafuu yaliiga kwao: ndege za aina moja, kugeuza haraka, safari fupi fupi. Walikaa miaka yote hiyo bila soketi. Walipoona abiria hawezi tena kusafiri bila simu wakabadilika. American Airlines nao Januari 2017 walisema 737 MAX zao hazitakuwa na skrini kwenye viti kwa sababu watu wanakuja na vifaa vyao, lakini umeme wakauweka kila kiti. Wametoa kilo za skrini, wameweka za soketi. Huo ndio uungwana, unaniondolea hiki unanipa kile.

---

FundiMabawa

Hilo la American ni la maana kuliko mlivyolipokea. Ukitaka kumshawishi mhasibu, usimwombe aongeze uzito, mwonyeshe uzito gani umeshatoka. Tatizo ni kwamba ndege nyingi za bei nafuu hazikuwahi kuwa na skrini. Hakuna cha kutoa tena.

Niwape hesabu nyingine inayowasaidia upande wenu. Simu ya betri ya mAh 5,000 ina kama wati-saa 19. Soketi ya wati 10 kwa saa mbili inatoa wati-saa 20. Ukiacha kinachopotea njiani kama joto, umejaza sehemu kubwa ya simu iliyokuwa tupu. Kwa hiyo hatuhitaji wati 60, hizo ni za kompyuta mpakato. Mfumo mdogo, mwepesi, wa simu tu, unatosha kabisa kwa safari hizi. Kosa ni kufunga aina moja ya tundu halafu dunia ikahama. Umoja wa Ulaya tangu tarehe 28 Desemba 2024 unataka simu mpya zinazouzwa kwao zichajiwe kwa USB-C. Kuna mashirika yaliyofunga USB-A miaka michache iliyopita kwa gharama kubwa na leo abiria wanashika waya wa C pande zote mbili wanazitazama tu.

Msimamo wangu, nauweka wazi: kwenye ndege kuukuu nisingefunga. Kwenye ndege mpya inayoagizwa leo, ambayo itaruka miaka ishirini, nisingeinunua bila nyaya zake. Kiti kinakuja kutoka kiwandani kimeshapimwa na kisanduku chake, ndege hailali karakana, gharama inamezwa na bei ya ununuzi. Kuokoa hapo ni kuokoa mahali pasipofaa.

---

MwambaoWaNyuma

Mkiziweka, nawaomba ziwe mbele ya abiria, juu ya meza ndogo, zisiwe chini katikati ya miguu. Ndege inatakiwa ithibitishwe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 kwa kutumia nusu tu ya milango. Waya uliotandazwa kutoka kiti cha dirishani mpaka chini ya kiti cha katikati ni tanzi. Tunapita kabla ya kutua kuwaambia mchomoe, lakini watu wanalala, taa zimefifishwa, waya mweusi hauonekani. Mwenzangu mmoja alijikwaa akaanguka na mkono ukavunjika, na hiyo ilikuwa siku ya kawaida, sio dharura.

---

BegiMojaTu

Sawa. Ya ndege mpya nimekubali, fundi kanimaliza. Lakini bado nina neno kwa mleta mada. Hata Ryanair uliowataja, wametangaza kwamba ukiwa ulishajisajili mtandaoni na simu ikafa, uwanjani unapewa pasi ya karatasi bure. Kwa hiyo ndege usingeikosa. Kilichokukwamisha wewe ni namba ya mwenyeji. Hiyo shirika halihusiki nayo.

Na mwenye ukumbi je? Saa tatu zile ulikuwa kwenye uwanja wa ndege, sio ndani ya ndege. Uwanja hauna hesabu ya uzito. Unaweza kuweka soketi mia tano na hakuna kilo hata moja ya mafuta itakayoungua kwa ajili yake. Kwa nini hasira zote ziende kwa shirika?

---

KitiChaDirishani

Ndugu @BegiMojaTu, la uwanja nalikubali moja kwa moja, na nalijutia kwamba sikuliandika kwenye mada. La pasi ya karatasi sikulijua, nashukuru, na ni vizuri wamelifanya.

La namba ya mwenyeji nalikubali nusu. Ni kweli ningeiandika. Lakini angalia nani alinifundisha kuacha karatasi. Miaka michache nyuma nilikuwa natembea na bahasha: tiketi, anwani, namba, ramani. Nikaambiwa hatua kwa hatua kwamba hakuna haja, vyote viko kwenye simu. Nikaamini. Mtu akikuhamisha kutoka nyumba moja kwenda nyingine, anahakikisha ile mpya ina mlango.

Kwa hiyo baada ya kuwasikiliza nafuta niliyosema kuhusu kila kiti kwenye kila ndege. Nabaki na mawili. Ndege mpya zinazoagizwa kwa ajili ya safari zinazozidi saa tatu ziwe na USB-C kuanzia kiwandani, mahali ambapo dada mhudumu amependekeza. Na shirika linalokataza pawabenki angani liliandike hilo kwenye ukurasa wa kununua tiketi, pamoja na kusema kama kiti kina umeme au hakina, KABLA sijalipa. Hili la pili halina uzito, halihitaji nyaya, linaweza kufanyika kesho asubuhi.

---

Zawadi_wa_Anga

La pili hilo ndilo la kuwaandikia mashirika. Nipo tayari kusaini.

---

BegiMojaTu

Na mimi. La pili nasaini.

---

BintiMzeeHaji

Nasaini. Na waandike pia kama soketi zinazimwa wakati wa kupaa na kutua. Wanaosafiri na wagonjwa wanahitaji kulisoma hilo mapema.

---

mlinzi_wa_lango

@KitiChaDirishani unasafiri tena lini?

---

KitiChaDirishani

Alhamisi, shirika lile lile, njia ya kurudi. Namba tatu muhimu nimeshaziandika kwenye karatasi nikaiweka ndani ya pasipoti. Barua nitaianza kesho jioni, nitaibandika hapa muisome kabla haijatumwa. Na nimenunua chaja moja mpya ambayo sijaifungua. Nikimkuta yule mama zamu yake, ni yake.